Nani kasema hatusomi? Historia fupi ya msomaji wa Kiswahili

Ipo kauli ambayo kila mwanafunzi na kila mtumishi wa umma katika nchi hii ameisikia: ukitaka kumficha Mwafrika jambo, liweke kwenye maandishi. Hutamkwa kwa mzaha katika semina, watu wakacheka, kisha kikao kikaendelea. Nimeisikia kwa vijana wa mwaka wa kwanza, na nimeisikia kwa wakurugenzi wanaokaribia kustaafu. Wote huitamka kama vile wanataja jambo la maumbile, mfano wa kusema kwamba mbuyu haukui kwa siku moja.

Ingekuwa mzaha tu, nisingeiandikia makala. Tatizo ni kwamba kauli hii imegeuka kuwa utaratibu wa kazi. Taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji haibandikwi ubaoni kwa sababu "hata ikibandikwa hawataisoma". Rasimu ya kanuni inatolewa siku chache kabla ya maoni kukusanywa kwa sababu "wananchi hawana subira ya kurasa mia". Mwanaharakati naye anafupisha hoja nzito hadi ikawa kaulimbiu ya fulana kwa sababu "vijana wa leo hawamalizi aya ya pili". Hivyo mwananchi ananyimwa maandishi, kisha analaumiwa kwa kutosoma.

Katika makala haya ninataka kuipinga kauli hiyo kwa njia ya historia. Swali langu ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: msomaji wa Kiswahili alipokaa na maandishi, nini kilimkalisha? Na alipoondoka, nini kilimwondoa? Hoja yangu ni kwamba, tangu magazeti ya kwanza ya lugha hii, msomaji amebaki pale alipoweza kujibu, na ambapo jibu lake lilihesabiwa kuwa sehemu ya maandishi yenyewe. Utamu wa hadithi ulisaidia. Ufupi haukuwa na uzito tunaoupa leo.

Tuanzie Zanzibar. Mwezi Oktoba 1888, katika chuo cha Kiungani kilichokuwa chini ya misheni ya Kianglikana, UMCA, lilitoka toleo la kwanza la Msimulizi. Lilikuwa jarida dogo, likitoka kila baada ya miezi miwili. Waandishi wake hawakuwa wanahabari, maana kazi hiyo ilikuwa haijazaliwa miongoni mwetu. Walikuwa wanafunzi wa chuo hicho na walimu waliosomea hapo, waliotawanyika katika vituo vya misheni bara. Mwalimu aliyepangiwa kazi mbali na pwani aliandika habari za kituo chake: nani amefika, nani amefariki, mvua imekuwaje, safari ilichukua siku ngapi. Habari hizo zilichapwa Unguja, kisha zikasafiri kurudi bara kwa miguu ya wapagazi.

Kwa macho ya leo hizo ni habari ndogo. Lakini tujiulize zilimaanisha nini kwa mtu aliyezipokea. Yule mwalimu aliposhika toleo jipya, aliyemsoma humo alikuwa mwenzake wa darasani. Aliposoma kwamba mwenzake ameugua, alijua jina, sura na sauti ya huyo mgonjwa. Na alijua kwamba miezi miwili ijayo wenzake watakuwa wanasubiri habari zake yeye. Katika jarida hilo mwandishi na msomaji walikuwa mtu yule yule, aliyekaa upande huu wa ukurasa leo na upande wa pili kesho.

Mtindo huo haukuishia misheni. Chini ya utawala wa Wajerumani, katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, shule ya serikali ya Tanga ilianza kuchapa gazeti la Kiongozi. Hili lilikuwa chombo cha dola, na hatuna sababu ya kulipamba. Dola ilihitaji maakida, makarani na walimu wanaosoma Kiswahili kwa hati za Kilatini, na gazeti lilikuwa sehemu ya kuwatengeneza. Hata hivyo, makarani hao hao ndio waliokuwa wakilipelekea habari za miji yao, pamoja na mashairi. Vita Kuu ya Kwanza ikalizima. Lakini lilikuwa limekwisha kuacha jambo moja ambalo watawala waliofuata hawakulipuuza: kundi la watu, pwani na bara, waliozoea kwamba gazeti ni mahali pa kupeleka neno na kulingoja.

Waingereza walilirithi kundi hilo. Januari 1923, serikali ya Tanganyika, kupitia idara yake ya elimu, ilianzisha jarida la kila mwezi lililoitwa Mambo Leo. Makusudi ya waanzilishi yalikuwa wazi. Vijana waliomaliza shule walihitaji kitu cha kusoma ili kusoma kwenyewe kusiwapotee, na serikali ilitaka kitu hicho kiwe chini ya mkono wake. Ndani yake kulikuwa na matangazo ya serikali, maelekezo ya kilimo na afya, na habari za ulimwengu. Haya ndiyo yaliyokusudiwa.

Yaliyowakalisha wasomaji yalikuwa mengine. Kulikuwa na habari za miji, ambazo wasomaji wenyewe walizipeleka kutoka sehemu zao. Kulikuwa na barua. Na kulikuwa na mashairi, mengi kuliko mgeni angetarajia katika jarida la idara ya serikali. Karani mmoja wa forodha aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, Shaaban Robert, alikuwa miongoni mwa waliopeleka mashairi yao humo, kabla jina lake halijawa jina la barabara na la shule. Mambo Leo halikumtafuta kwa mashindano wala kwa tuzo. Lilikuwa na nafasi wazi, naye akaijaza, kama walivyofanya walimu na makarani wengine ambao leo hatuwakumbuki.

Ni muhimu kuelewa kwa nini ushairi ulikuwa kamba ya kumfunga msomaji. Ushairi wa Kiswahili, hasa ule wa bahari ya shairi, umelelewa katika kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga beti zilizojibu watu na zilizotaka kujibiwa, miongo mingi kabla ya mtambo wa kuchapa kuanza kutoa magazeti ya lugha hii. Malenga mmoja hufunga fumbo, mwingine hulifungua, wa tatu husema mliofungua mmekosea, na kila mmoja analazimika kushika vina na mizani vya mwenzake. Utaratibu huo ukiingia gazetini, msomaji hawezi kuruka toleo. Akiruka, hatajua fumbo limejibiwaje, wala hataweza kuingia ulingoni mwezi ujao. Hapo hatuzungumzii sekunde au dakika za usomaji. Tunazungumzia mtu anayetembea na beti nne kichwani kwa mwezi mzima, akitafuta kina cha kati.

Tuongeze jambo jingine ambalo takwimu za nakala haziwezi kulionyesha. Nakala moja haikuwa na msomaji mmoja. Ilisomwa kwa sauti barazani, dukani, kwenye nyumba ya mwalimu, mbele ya watu ambao wengine hawakujua herufi. Asiyejua kusoma alisikiliza, akapinga, akaagiza jibu liandikwe kwa niaba yake. Anayetuambia leo kwamba utamaduni wetu ni wa masimulizi na kwa hiyo si wa maandishi amesahau kwamba babu zetu walivichanganya viwili hivyo bila taabu.

Hapa msomaji makini atauliza kama hali hii ni ya Waswahili peke yao. Hapana, na kulinganisha kunasaidia. Mwaka 1836, jijini Paris, Émile de Girardin alianzisha gazeti la La Presse kwa bei ya faranga 40 kwa mwaka, wakati magazeti makubwa yalitoza 80. Ili kuwashika wasomaji wapya, magazeti ya namna hiyo yalianza kuchapa riwaya vipande vipande, kila kipande kikikatwa mahali pa mashaka. Mwaka huo huo, London, Charles Dickens alianza kuchapa The Pickwick Papers kwa sehemu za kila mwezi. Sehemu za mwanzo ziliuzwa nakala mia chache, za mwisho takriban 40,000. Mwaka 1844 gazeti la Le Constitutionnel, lililokuwa na wateja wasiofika 4,000, lilianza kuchapa riwaya ya Eugène Sue, Le Juif errant, na idadi ikapanda kupita 20,000.

Mbinu hiyo ni ya kweli na ina nguvu. Bibi wa Alfu Lela Ulela aliijua kabla ya Girardin, maana aliokoa roho yake kwa kukatiza hadithi alfajiri. Lakini ina mpaka wake. Anayekaa kwa sababu ya mashaka hukaa hadi mashaka yaishe. Hadithi ikifika mwisho, mhariri lazima anunue nyingine, na mshindani wake akinunua iliyo tamu zaidi, msomaji anahama. Mambo Leo halikuwa na fedha za kumlipa Eugène Sue wake. Lilichokuwa nacho ni msomaji anayejiona kuwa na fungu humo, na mtu haachi kirahisi shamba alilolipanda mwenyewe.

Sasa tuje kwenye upande wa pili wa swali langu: nini kilimwondoa? Jibu lilianza kuonekana Novemba 1937, pale Erica Fiah, Mganda mwenye duka Dar es Salaam, alipotoa toleo la kwanza la gazeti lake, Kwetu. Fiah hakuwa na hazina ya serikali nyuma yake. Gazeti lake lilikuwa dogo na mara nyingi lilikuwa taabani kwa fedha, na hata hivyo lilidumu hadi mwaka 1951. Jina lenyewe lilikuwa hoja. Mambo Leo lilimruhusu msomaji kujibu kuhusu mvua, ndoa, adabu za vijana na fumbo la malenga. Kuhusu mshahara wa karani wa Kiafrika ukilinganishwa na wa mwenzake wa rangi nyingine, kuhusu nani anapata shule na nani hapati, nafasi ya kujibu ilikuwa finyu. Fiah aliipanua nafasi hiyo. Wapo waliosoma magazeti yote mawili, na hilo si ajabu, kwani kila moja lilijibu sehemu yake ya maisha yao.

Kufikia miaka ya 1950 sehemu ile ambayo jarida la serikali halikuweza kuijibu ilikuwa imekuwa kubwa kuliko sehemu nyingine zote. TANU ilizaliwa Julai 1954, na swali la kila baraza likawa moja. Jarida la idara lingeweza kuendelea kuchapa maelekezo ya kilimo, lakini hapo halikuwa na la kusema. Wasomaji wakageukia karatasi duni zaidi. Sauti ya TANU ilikuwa kijarida kilichodurufiwa tu. Mwafrika, lililoanza 1957, lilikuwa gazeti la watu wasio na mtaji wa kutamanika. Mwaka 1958 serikali ilijibu kwa mahakama: Julius Nyerere alihukumiwa kwa kuwakashifu maofisa wa serikali katika Sauti ya TANU, akatakiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita, akalipa. Mwaka huo huo Robert Makange na K. R. Baghdelleh wa Mwafrika walifungwa kwa uchochezi. Ninawaomba wasomaji wangu mlioajiriwa serikalini mlitafakari hilo. Utawala uliokuwa na mitambo, karatasi na posta ulishtushwa na kurasa chache za kudurufu. Ulijua vizuri kwamba watu wanasoma.

Baada ya hapo kuna Ngurumo, lililoanza kuchapwa Dar es Salaam mwaka 1959 na kufa mwaka 1976. Lilikuwa gazeti la bei nafuu, lililochapwa kwa mitambo chakavu, lisilo na uzuri wowote wa kuonekana. Lakini lilizungumza lugha ya mtaani na lilijaa habari za watu wa kawaida, likawa miongoni mwa magazeti ya kila siku yaliyopendwa mno nchini. Wanaoamini kwamba msomaji hushikwa kwa karatasi ya kung'aa na rangi nyingi wanapaswa kulieleza gazeti hilo.

Ushahidi wangu wa mwisho ni ule ninaouona kuwa mzito kuliko yote. Sensa ya 1967 ilikuta takriban asilimia 67 ya watu wazima wa Tanzania hawajui kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kufikia 1975 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi karibu asilimia 39. Katikati ya juhudi hizo, mwaka 1973, iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi vya kujisomea. Kila wiki, kwa wiki 12, kikundi kilikutana, kikasikiliza kipindi cha redio, kiongozi akasoma sura ya kijitabu kwa sauti, kisha wakajadili: je, haya yanahusu kijiji chetu? Tufanye nini kabla ya wiki ijayo? Wengi walitoka hapo wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi.

Wiki 12 juu ya kijitabu cha malaria, kuhara na kichocho. Hakuna mashaka ya riwaya humo, wala mapenzi, wala vichekesho. Na waliokaa ni wakulima, wengi wao wakiwa wametoka kujifunza herufi mwaka huo au uliotangulia. Walikaa kwa sababu baada ya kusoma kulikuwa na swali lililowahusu, na baada ya jibu kulikuwa na kazi iliyoonekana kwa macho.

Nakubali kwamba picha hii ina mapungufu yake. Waliopeleka barua na mashairi katika Mambo Leo walikuwa wengi wao wanaume wenye ajira, na sauti za wanawake ni chache mno. Mhariri wa serikali alikuwa na kalamu ya kufuta. Kampeni za miaka ya 1970 zilienda sambamba na dola iliyopenda kuelekeza kuliko kuelekezwa, na kijiji kilichojadili vyoo hakikuwa na uhuru huo huo wa kujadili kuhamishwa kwake. Isitoshe, msomaji wa 1930 hakuwa na simu mfukoni inayomwita kila dakika. Mwaka 2014 Tony Haile, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Chartbeat inayopima usomaji wa mtandaoni, aliandika kwamba asilimia 55 ya wanaofungua ukurasa hukaa juu yake chini ya sekunde 15. Zingatieni kwamba kipimo hicho hakikuwa cha Waafrika. Kama kuondoka upesi ni ugonjwa, basi ni wa dunia nzima, na kauli yetu ya semina inapoteza hata hapo mguu wake wa kusimamia.

Lakini kipimo cha sekunde hakituambii sababu. Mtu anayefungua tangazo la halmashauri na kulifunga papo hapo huenda amekwisha kujifunza, kwa miaka mingi, kwamba hakuna lolote humo linalomngoja yeye. Hakuna jina la kijiji chake. Hakuna mahali pa kuuliza. Aliyewahi kuuliza hakujibiwa. Kumwita mvivu ni sawa na mwenyeji asiyemkaribisha mgeni kiti, kisha akalalamika kwamba mgeni hakukaa.

Tuseme basi yanayofuata kutokana na historia hii. Kwa watumishi wa umma: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa, na inaipa ofisi muda usiozidi siku 30 kujibu. Hiyo ni sheria ya kujibizana, mkiitaka iwe hivyo. Bandikeni taarifa ya fedha kwa lugha ya kijiji, wekeni chini yake jina la anayeulizwa na siku ya kikao cha maswali, kisha katika taarifa ya robo inayofuata andikeni maswali yaliyoulizwa na majibu yake. Fanyeni hivyo kwa mwaka mmoja kabla ya kuniambia kwamba watu hawasomi.

Kwa wanaharakati: msikimbilie ufupi kama dawa ya kila kitu. Watu waliokaa wiki 12 na kijitabu cha kichocho hawahitaji kurahisishiwa hadi kufikia maneno matatu. Wanahitaji mkutano baada ya kusoma.

Kwa wanafunzi wangu: matoleo ya Mambo Leo yapo katika maktaba na nyaraka, na wengi wenu hamjawahi kuomba kuyaona. Nendeni mkafungue mwaka wowote wa miaka ya 1930, tafuteni ukurasa wa mashairi, mfuate fumbo moja tangu lilipofungwa hadi lilipofunguliwa. Angalieni majina na miji ya walioingia katika jibizano hilo. Kisha mrudi darasani mniambie, kwa ushahidi, ni lini hasa tulipoanza kutosoma, na ni nani aliyeacha kutujibu kabla ya hapo.